MAABARA YA SEVA NYUMBANI: MWONGOZO KWA MDAU ASIYE NA HELA NYINGI



Kuna swali ambalo halikauki kwa vijana tunaopishana nao kwenye intaneti kafe. Wale jamaa wa Ulaya na Marekani wanaoweka picha za seva chumbani kwao, taa zinawakawaka kama mti wa Krismasi, huwa wanazifanyia nini? Na je, mtu aliyemaliza form four, hana ada ya chuo, hana hata meza yake mwenyewe, anaweza kuwa na kitu kama kile?

Jibu kwa kifupi ni ndiyo, ila sio kwa kuiga picha. Leo tunaipitia mada yote: ni nini, ilitoka wapi, unahitaji nini, LUKU itasemaje, unafanya mazoezi gani, na hatari ziko wapi. Mwenye haraka aruke moja kwa moja kwenye mazoezi, lakini sehemu ya usalama usiiruke.

HII KITU NI NINI HASA?

Seva ni kompyuta tu, isipokuwa imepewa kazi ya kuhudumia kompyuta nyingine. Ukiwa umekaa kafe, ile mashine ya mhudumu inayohesabu dakika zako na kukufungia skrini muda ukiisha inafanya kazi ya seva. Haina maajabu, pengine hata ni mzee kuliko hiyo uliyokalia wewe.

Maabara ya nyumbani ni mashine moja au kadhaa, pamoja na ruta na swichi, ambazo mtu ameziunga nyumbani ili ajifunze. Wengine huzitumia pia kuhifadhi picha za familia, sinema na kazi za shule.

Tofauti na ofisini ni hii. Ofisini ukikosea amri moja, watu wanashindwa kufanya kazi na bosi anakuita. Kwenye maabara yako ukikosea unafuta, unaanza upya, na aliyeumia hayupo. Thamani yote ya maabara iko hapo. Ni mahali pa kuvunja vitu mpaka ujue vinavyorudishwa.

ILITOKA WAPI?

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliitangaza Linux. Mfumo ule ulikuwa wa bure na ulikubali kompyuta za kawaida za nyumbani. Kabla ya hapo, mifumo ya aina ya Unix ilikuwa zaidi mali ya vyuo na makampuni yenye pesa. Debian ikafuata mwaka 1993. Mwaka 2004 ikaja Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ilikuwa ikitumia watu CD kwa posta bila malipo.

Kundi la pili lililokuza mchezo huu ni watahiniwa wa vyeti vya mitandao kama CCNA ya Cisco. Walikuwa wananunua ruta na swichi zilizotumika, wanazipanga chumbani na kufanya mazoezi usiku. Makampuni makubwa nayo hubadilisha seva zao kila baada ya miaka michache, na zile zinazotolewa huuzwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo chanzo cha picha zile.

Halafu ikaja njia ya kuweka kompyuta nyingi ndani ya kompyuta moja, tunaziita mashine pepe. Intel walianza kuweka uwezo huo ndani ya prosesa zao mwaka 2005, na mwaka 2007 Linux ikapata KVM. Mwaka 2008 likatoka toleo la kwanza la Proxmox kutoka Vienna, Austria, programu ya bure ya kusimamia mashine pepe. Mwaka 2012 Uingereza wakatoa Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho iliyoanza kwa dola 35.

Tukio jingine la kukumbuka ni la majuzi tu. Kampuni ya Broadcom ilimaliza kuinunua VMware Novemba 2023, na Februari 2024 ikaondoa toleo la bure la ESXi ambalo watu wengi wa maabara walikuwa wakilitumia. Lilirudishwa mwaka 2025, lakini wengi walikuwa wameshahamia Proxmox. Somo lake: unapojifunza, jifunze misingi. Jina la programu linaweza kubadilika asubuhi moja.

VIFAA: ANZA NA KILICHOPO

1. Mashine. Laptopu iliyopasuka kioo ni seva nzuri kuliko watu wanavyodhani. Inakula umeme kidogo, na betri yake ikiwa bado nzima inaendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Unaunga monita ya kuazima siku ya kuweka mfumo, baada ya hapo unaiongoza ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Ila betri ikianza kuvimba itoe siku hiyo hiyo, inaweza kuwaka moto.

Ukiwa na hela kidogo, tafuta desktopu ya ofisini ya mtumba, zile ndogo za Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Wakati huu ni mzuri. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2017 hivi. Ofisi nyingi zinatoa mashine ambazo kwa Linux bado zina miaka mingi ya kazi.

Kabla ya kutoa hela uliza mambo matatu. Prosesa ni ya biti 64? Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena mfumo wa kusakinisha kwa biti 32. Je, uwezo wa mashine pepe upo kwenye BIOS? Na RAM ni ngapi? GB 4 zinatosha kujifunza Linux na huduma ndogo, GB 8 zinatosha kuanza Proxmox.

2. Diski. SSD ndogo kwa ajili ya mfumo, diski ya kawaida kwa ajili ya faili. Diski ya mtumba usiiamini na kitu ambacho huna nakala yake.

3. Swichi na ruta. Swichi ya matundu matano inatosha kabisa. Kwa ruta, wengi huku kwetu wanapenda MikroTik ya Latvia, maana ndiyo utakayoikuta kwenye mahoteli, kafe na zile WiFi za vocha za mtaani. Kama huna hela ya kununua, MikroTik wana toleo la ruta linalowekwa kama mashine pepe, linaitwa CHR. La bure linakwenda Mbiti 1 tu kwa sekunde kwa kila mlango. Kwa kutazama video halifai, kwa kujifunza linatosha.

4. Kebo. Jifunze kuzibana mwenyewe. Mpangilio unaotumika sana, T568B, ukianzia kushoto huku kile kidole cha plastiki kikiwa upande wa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mwisho wa kebo ni mita 100. Kasi ya Mbiti 100 inatumia nyaya nne tu, ya 1, 2, 3 na 6, wakati gigabiti inataka zote nane. Kwa hiyo ukiona mashine mpya inagoma kwenye Mbiti 100, mara nyingi kosa lipo kwenye kebo au kichwa chake. Fundi anayejua hilo haanzi kwa kubadilisha kompyuta.

LUKU ITASEMAJE?

Hapa ndipo maabara nyingi zinapokufa, hasa ukiwa umepanga na mita ni ya pamoja. Hesabu ni rahisi: wati mara saa 24 mara siku 30, gawa kwa 1,000. Unapata unit za mwezi mzima mashine ikiwa haizimwi.

- Raspberry Pi, wati 5: unit 3.6
- Laptopu, wati 15: unit 10.8
- Desktopu ya kawaida, wati 40: unit 28.8
- Seva kubwa ya kwenye rafu, wati 150: unit 108

Angalia hiyo ya mwisho. Daraja la TANESCO la wateja wa matumizi madogo lina ukomo wa unit 75 kwa mwezi. Seva moja ya kuokota inakutoa humo peke yake, kabla hujawasha hata taa. Na kelele za feni zake mtalala nazo. Kwa hiyo rafiki akikupa seva ya rafu bure, mshukuru, halafu piga hesabu kwanza.

Pia hakuna sheria inayosema lazima iwake usiku na mchana. Ya kujifunzia iwashe saa mbili za jioni, fanya zoezi, izime. Kama mna mita moja na wapangaji wengine, sema mapema na changia chako. Ugomvi wa LUKU umevunja urafiki mwingi.

BANDO NALO?

Maabara haihitaji intaneti muda wote. Unachohitaji ni faili la kusakinisha, na hilo pakua kafe. Usichukue lile dogo la Debian linalotaka kuvuta vitu mtandaoni. Chukua la DVD ya kwanza, lina karibu GB 4 na linasakinisha bila intaneti. Mwombe mhudumu kwanza, maana GB 4 mchana zitawakwamisha wateja wengine. Asubuhi mapema huwa hawana neno. Kabla hujaondoka linganisha alama ya SHA256 na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, usije ukafika nyumbani na faili bovu. Kisha liandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus.

Ukiwa na mashine zaidi ya moja, weka apt-cacher-ng. Mashine ya kwanza ikipakua kifurushi, zile nyingine zinakichukua hapo hapo nyumbani. Bando linaliwa mara moja tu.

Na kuna Kiwix, ambayo inakuwezesha kuweka Wikipedia nzima kwenye diski na kuisoma bila mtandao. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90, lakini ya Kiswahili ni ndogo, inabebeka kwenye flashi. Hebu fikiria laptopu yenye kioo kilichopasuka, ruta moja ya WiFi, na wanafunzi wa mtaa mzima wanasoma kwa simu zao bila kutumia senti ya bando. Hapo maabara yako imeshakuwa huduma.

ANWANI: PANGA KABLA YA KUUNGA

Tangu miaka ya 1990 kuna anwani za IP zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani: zinazoanza na 10, zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Tumia hizo, hazina mwenyewe.

Ruta nyingi za nyumbani zinatumia 192.168.0 au 192.168.1. Maabara yako ipe namba tofauti, kwa mfano 192.168.50, la sivyo mitandao miwili itagongana. Mpangilio rahisi:

- Ruta: 192.168.50.1
- Seva: 192.168.50.10
- Simu na laptopu zinazopewa anwani zenyewe: kuanzia .100 hadi .200

Andika kwenye daftari. Baada ya miezi miwili hutakumbuka.

MAZOEZI, NGAZI KWA NGAZI

Usiruke ngazi. Kila moja inategemea iliyotangulia.

Kwanza: weka Debian bila madirisha wala picha, maandishi matupu. Kisha ingia kutoka kompyuta nyingine kwa SSH. Ukiweza hilo, monita irudishe kwa mwenyewe.

Pili: weka Samba ili kompyuta za Windows zione folda ya pamoja. Ofisi nyingi ndogo zinaomba hiki kitu kuliko kingine chochote.

Tatu: weka dnsmasq. Hiyo inagawa anwani na inajibu majina. Ukiielewa DHCP na DNS umeelewa sababu ya malalamiko mengi ya "mtandao haupo" wakati mtandao upo.

Nne: weka nginx na ukurasa wako wa wavuti. Ufungue kwa simu kupitia WiFi ya nyumbani.

Tano: hamia Proxmox. Tengeneza matawi mawili ya kampuni ya kufikirika, la Dar na la Mwanza, kila moja na ruta yake ya CHR na mtandao wake. Kisha yaunganishe kwa WireGuard ili kompyuta ya Mwanza ifungue faili la Dar. Kazi hiyo ni ile ile wanayofanya mafundi kwenye kampuni halisi, na hapa inafanyika ndani ya desktopu moja ya mtumba.

Sita: vunja. Chomoa kebo bila kujiambia ipi, au mpe mdogo wako akuchomolee. Futa faili la mipangilio. Zima umeme ghafla. Kisha rudisha huku ukitazama saa. Mara ya kwanza inaweza kukuchukua siku nzima, mara ya tano dakika kumi. Tofauti hiyo ndiyo elimu uliyoipata.

USALAMA: USIJE UKASEMA HATUKUSEMA

Kosa linalowamaliza wengi ni kufungua mlango wa ruta ili waifikie seva wakiwa mbali. Intaneti ina roboti zinazopiga hodi kwenye kila anwani usiku na mchana, na zikikuta neno la siri kama 123456 zinaingia. Mei 2017 WannaCry ilisambaa duniani kupitia huduma ya kushirikishana faili ya Windows. Januari 2022 watu wengi wenye vifaa vya kuhifadhia vya QNAP nyumbani walikuta faili zao zimefungwa na virusi vya DeadBolt na wanadaiwa bitcoin. Walioumia zaidi ni wale ambao vifaa vyao vilikuwa vinaonekana moja kwa moja kwenye intaneti.

Kanuni ni hizi. Usifungue mlango wa Samba wala ukurasa wa Proxmox kwa dunia. Ukitaka kuingia kutoka mbali tumia WireGuard. SSH iendeshe kwa funguo, siyo neno la siri. Sasisha mfumo mara kwa mara. Kwa wanaotumia intaneti ya simu, mara nyingi kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mlango hautafunguka hata ukitaka. Msilalamike sana, kuna usalama kidogo ndani yake.

Upande wa sheria: kujaribu mbinu za udukuzi kwenye mashine zako ni mazoezi. Kuzijaribu kwenye kompyuta ya kafe, shule au jirani bila ruhusa ni kosa. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya wana yao ya mwaka 2018. Na ukianza kuwauzia majirani intaneti, hiyo si maabara tena, ni biashara inayohitaji leseni ya TCRA.

NAKALA: TATU, MBILI, MOJA

Weka nakala tatu za kitu unachokipenda, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Flashi kwa shangazi inatosha. Kuunga diski mbili zinazofanana kunakuokoa diski moja ikifa, lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kote. Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu. Ijaribu leo, kabla ya siku ya msiba.

KAMUSI FUPI

- Ruta: kifaa kinachopitisha data kati ya mtandao mmoja na mwingine.
- Swichi: kinachounganisha mashine za mtandao mmoja.
- DHCP: huduma inayogawa anwani.
- DNS: huduma inayogeuza jina kuwa anwani.
- Mashine pepe: kompyuta kamili inayoishi ndani ya kompyuta nyingine.
- Kontena: programu iliyofungashwa na vyote inavyohitaji. Ni nyepesi kuliko mashine pepe. Docker ya mwaka 2013 ndiyo iliyozieneza.
- Faiawoli: mlinzi wa getini, anayeamua data ipi ipite.

SASA INAKUPELEKA WAPI?

Tuseme ukweli, maabara haitoi cheti, na kuna ofisi ambazo bila cheti hawafungui hata bahasha yako. Lakini kafe, shule, zahanati na stationery za mtaani hazikuulizi cheti. Zinauliza kama unaweza kufanya printa ionekane kwenye kompyuta zote kabla wateja hawajaja. Na hata kwenye usaili wa kazi kubwa huwa linakuja swali la "ulishawahi kufanya nini?" Aliyesoma kitabu peke yake anajibu kwa maelezo. Mwenye maabara anafungua daftari: tarehe hii niliunga hivi, ikakataa kwa sababu hii, nikarekebisha hivi.

Kwa hiyo daftari ndicho kifaa cha kwanza, na linapatikana duka lolote. Nunua leo, chora mtandao utakaoujenga, andika anwani zake. Mashine itafuata.

Mwenye swali au mwenye maabara yake tayari, aandike hapo chini kwenye maoni. Taja mashine, RAM na wati zake ili wengine wajifunze. Wale mnaojua zaidi, sahihisheni bila matusi.

Tuko pamoja.